Mimi Ndiye Niliyenyofoa Ukurasa wa Mwisho

Harufu ya pumba za mpunga, zile zinazotoka kwenye mashine zikiwa bado na joto, inaniingia puani na kushuka moja kwa moja mpaka kwenye hasira. Wengine wakiisikia wanakumbuka wali. Mimi namkumbuka Baba Mkubwa, nakumbuka jaruba letu la Kapalamsenga, na nakumbuka kitabu kimoja chenye jalada la rangi ya udongo ambacho nilikiharibu kwa mkono huu huu ninaoandikia. Hapa Mpanda mashine ya kukoboa iko nyuma ya nyumba yangu, na mwenye mashine hajui Jumapili wala Krismasi. Upepo ukigeuka pumba zinanijia mpaka sebuleni. Jumapili ile ya filamu upepo uligeuka kabla sijavua viatu vya kanisani, nikajua leo maneno yatakuwepo.

Niwaambie mapema, nyie mnaosoma, msije mkasema niliwaficha. Mimi ni mtu wa kisasi. Padri ananijua, watoto wangu wanane wananijua, na kuku wa jirani wananijua kuliko wote. Wanaosema kisasi ni cha Mungu wanasema kweli, lakini Mungu ana watu wengi wa kushughulikia, na mimi wangu walikuwa wawili tu: Baba Mkubwa, na binti yake Redempta.

Baba yangu alikufa nikiwa darasa la nne, kwa homa ya siku tatu. Kati ya jaruba letu la mpunga na la Baba Mkubwa, kaka yake, palikuwa na tuta la udongo lililoota nyasi, tuta ambalo baba alilipiga kwa jembe lake mwenyewe, na mimi nilikuwa natembea juu yake nikinyoosha mikono kama ndege. Tuta halina miguu, lakini la kwetu lilitembea. Matanga hayajakwisha vizuri, likawa limehama hatua ishirini kuja upande wetu. Msimu uliofuata likahama tena. Kila mtu kijijini aliliona likiwa mahali pake pa zamani, na kila mtu aliliona likiwa mahali pake papya. Lakini lilipokuwa likihama, ukiwauliza, hakuna aliyeliona.

Mama hakusema kitu. Alikuwa na msemo wake, kwamba ziwa halipigiwi kelele, likitaka kutulia litatulia lenyewe. Nilikuwa nauchukia msemo ule. Ziwa lile tuliliona kila siku kutoka mlangoni, na sikuwahi kuliona likimrudishia mtu kitu chake kwa sababu alinyamaza.

Basi nikatolewa shule ili niwinge ndege kwenye mpunga uliobaki, maana jaruba likipungua, ndege hawapungui. Nilikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti linalosimama katikati ya mpunga, nikipiga debe na kurusha madongo toka jua linachomoza. Wenzangu walipita chini na madaftari yao. Nikawa nawarushia na wao madongo.

Miaka ile ilikuwa ya elimu ya watu wazima. Kijiji chetu kililetewa sanduku la vitabu, la mbao, lenye kufuli, likaitwa maktaba. Vingi vilikuwa vya kilimo bora na kuchemsha maji ya kunywa. Hivyo vilikaa sandukuni vikiliwa na mende kwa amani. Lakini kimoja kilikuwa hadithi, na hicho kilikaa nje ya sanduku kuliko ndani. Kiliitwa *Sikudhani Anarudi*. Ufunguo walimpa Redempta, kwa sababu alikuwa amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulilala vizuri kwenye mstari. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mwanya, na sauti nzito ambayo hukutegemea itoke kwenye shingo nyembamba vile. Kwa ukoo ni dada yangu. Kwa moyo wangu alikuwa binti wa mwizi wa tuta.

Sasa sikilizeni namna kitabu kilivyosomwa, maana siku hizi watu wanadhani kitabu kinasomwa na mtu mmoja amejilaza. Kwetu kilisomwa wakati wa kupepeta. Kutwanga kuna kelele, michi mitatu kwenye kinu kimoja, husikii hata mtoto wako akilia. Lakini kupepeta ni kazi ya mchakacho mdogo tu, shwa, shwa, shwa, na sikio linabaki huru. Kwa hiyo wanawake waliwekeana sheria: anayetaka kusikia hadithi aje na mpunga wake umeshatwangwa. Na msomaji hapepeti, ungo wake tunampepetea sisi. Basi walikuwa wanaamka na kutwanga kama wanaofukuzwa, ili saa tisa alasiri wawe wamekaa kwenye uwanja wa kina Redempta, nyungo mapajani, pumba zikiruka na kutua kwenye vichwa vyao mpaka wote wakawa na mvi. Nadhani kijiji hakijawahi kula mchele safi kama msimu ule. Palipokuwa patamu, nyungo zilisimama hewani, na mchele wa kila mtu ukasubiri kujua kitakachompata Sikudhani.

Sikudhani alikuwa mjane. Mume wake alikufa, na shemeji yake, mtu anaitwa Kitwana, akamwambia shamba la kando ya mto ni la ukoo, na mwanamke hana ukoo. Akamtoa na nguo alizovaa. Hata jembe lake alilotoka nalo kwao akalizuia, akalitundika ukutani nyumbani kwake kama pembe la nyati. Sikudhani akavuka mto kwa mtumbwi uliotoboka, akikumba maji kwa kibuyu huku anapiga kasia, na mwandishi aliyaeleza yale maji yanavyopanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, mpaka sisi wenyewe tukakunja miguu. Akaenda mbali, akateseka, akafanya kazi za watu, akazeeka kidogo. Na kila sura iliisha na maneno yale yale: lakini atarudi.

Wanawake waliyasema maneno hayo pamoja na Redempta. Mama yangu naye alikuwa akiyasema, kwa midomo tu, bila sauti. Mimi niliyasema kwa sauti ya kututosha sote wawili.

Siku moja, zikiwa zimebaki kurasa chache, Redempta alisoma mahali ambapo Kitwana anakaa kwenye shamba lile, anakula matunda yake, na kuwaambia watu kwamba alimhurumia tu yule mjane. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gogo nachambua chenga. Sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka tu, makubwa kuliko mdomo wangu.

"Huyo si ndiye Baba Mkubwa!"

Shwa, shwa, shwa, ikakatika. Mwanamke mmoja akakohoa. Mama aliinama akautazama mchele wake kama vile ameona jiwe. Redempta alifunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani.

"Wewe. Toka."

"Nimesema nini?"

"Kitabu hiki ni cha watu wazima. Wewe nenda kawasomee kwelea kwelea huko dunguni, ndio wa darasa lako."

Wakacheka. Sasa naelewa kile kilikuwa kicheko cha woga, maana Baba Mkubwa mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba na dirisha lilikuwa wazi. Lakini mtoto hana mizani ya kupimia vicheko. Nilisikia wanawake wote wa Kapalamsenga wakinicheka kwa sababu nilitolewa shule, wakinicheka mbele ya mama yangu, na mama hakunyanyua uso. Jioni aliniambia neno moja tu, akiwa anachochea moto: "Ungesema uongo, usingefukuzwa." Nikadhani ananigombeza.

Nikawaza juu ya dungu siku mbili. Ndege walikula walivyotaka. Niliwaza kumwagia Redempta upupu, nikaona utaisha kwa kuoga. Niliwaza kumtia chura kitandani, nikaona ataruka, watacheka, yatakwisha. Nilitaka kitu cha kumnyang'anya mbele za watu, kama alivyoninyang'anya mimi. Na Redempta alikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu walikipenda.

Siku ya tatu nilitumwa kwao kuazima mchi. Hakukuwa na mtu barazani. Kitabu kilikuwa juu ya sanduku, kimefungwa kwenye kipande cha kanga, na karatasi ya sabuni imewekwa pale walipoishia. Zilibaki kurasa za kusoma alasiri ile ile, basi. Nilikifungua kwa nyuma, nikashika karatasi ya mwisho kabisa, nikaivuta. Ilitoa sauti kama mtu anayesonya. Nikaikunja mara nne nikaitia kwenye nywele, chini ya kitambaa, nikabeba mchi wangu nikaondoka taratibu kama mtu mwema.

Alasiri nilijificha nyuma ya ghala lao. Sikuja kusikiliza hadithi. Nilikuja kula kisasi changu.

Redempta alisoma vizuri siku ile, kuliko siku zote. Sikudhani amerudi. Anapita kijijini, watu wanachungulia, anafika mlangoni kwa Kitwana, Kitwana ni mzee sasa, mikono inatetemeka. Sikudhani anaingia. Anatazama ukutani. Redempta akafungua ukurasa. 

Nilimwona. Alipitisha kidole pale kwenye mshono, pale palipobaki meno meno ya karatasi. Nyungo zilikuwa zimesimama zote. Mke wa mvuvi mmoja akasema, "Endelea bwana, usitutese!" Mwingine akasema, "Anamuua? Niambie tu kama anamuua, nikapike." Nikajishika mdomo. Nilisubiri alie. Nilitaka alie na mwanya wake ule, mbele ya mama yangu.

Redempta aliinua kitabu juu kidogo, akakiweka karibu na uso kama mtu ambaye maandishi yamekuwa madogo, akaendelea kusoma.

Alisoma kwamba Sikudhani hakugusa kitu. Alitoka nje akaita watu, wakaja, wakakaa. Akasema: nataka shamba langu. Kitwana akasema: nani aliyeona nikilichukua? Watu wote wakatazama chini. Ndipo akasimama binti wa Kitwana. Kitabu kizima hakijawahi kututajia kwamba Kitwana ana binti! Akasimama, akasema: *Baba, jiwe la mpaka lilikuwa kule kwenye mkuyu. Mimi nilikuwa nachota maji. Nilikuona unaliviringisha. Na nitasema hivi popote nitakapoitwa.* Na Sikudhani akapewa shamba lake, akalima, akavuna. Mwisho.

Akafunga kitabu.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Ungo wa mama yangu ulikuwa umepinduka, mchele wote uko kwenye mchanga, na mama hata hauoni. Alikuwa anamtazama Redempta, na Redempta anamtazama yeye. Mimi nyuma ya ghala nilikuwa nachemka. Mwongo! Anasoma hewa! Karatasi iko kichwani kwangu! Nilitaka kuruka nje nimwumbue, mguu ukainuka, kisha nikakumbuka kwamba nikimwumbua yeye, nimejiumbua mwenyewe. Kile kilikuwa kitabu cha kijiji. Ningechapwa na kijiji. Basi nikameza, na jamani, yale maneno yalikuwa na miiba.

Karatasi yenyewe niliisoma dunguni. Darasa la nne si kitu, nilisoma silabi moja moja, kwa kidole, ikanichukua siku tatu na viboko viwili vya mama kwa sababu ya ndege. Lakini nilifika mwisho. Mimi peke yangu Kapalamsenga nzima nilijua mwisho wa kweli. Sikudhani hakuua. Hakusamehe pia. Aliusogelea ukuta, akalitungua jembe lake, akalifuta vumbi kwa upindo wa nguo, akatoka bila kusema neno. Kitwana akabaki anautazama msumari. Basi. Hakudai shamba. Alikwenda kulima kwingine, kwa jembe lake.

Niliuona mwisho ule ni mtamu kuliko asali ya Inyonga. Ule msumari mtupu! Nikawa naulalia.

Mvua zilizofuata, mama yangu, yule wa ziwa halipigiwi kelele, alivaa kanga yake ya kanisani akaenda kwenye baraza la kijiji, akasema: nataka jaruba langu. Mwenyekiti akamwuliza ana shahidi gani. Watu wote wakatazama chini, nyie, kama vile wameandikiwa. Redempta akasimama. Akasema tuta lilikuwa kule, na yeye alikuwa anatoka kuchota maji, na alimwona baba yake na jembe. Alisema kwa sauti ile ile ya kusomea.

Tuta likarudi. Baba Mkubwa alimfukuza Redempta siku ile ile, akamtupia nguo zake nje, na watu wakampandisha boti ya kwenda Karema kwa ndugu wa mama yake. Huko aliolewa, na sikumwona kwa miaka mingi. Ufunguo wa sanduku aliuacha juu ya jiwe, na vitabu havikusomwa tena na mtu.

Nitasema ukweli, ingawa ni mchungu. Nilicheka. Jaruba limerudi na Redempta ameondoka, nikahesabu ushindi mara mbili. Nilimwambia mama, "Amejitia kimbelembele, amepata." Mama alinizaba kofi ambalo nikivuta pumzi kwa nguvu bado nalisikia. Hakunieleza ni la nini. Shule sikurudi, maana nilishazoea dungu na dungu lilishanizoea.

Haya. Sasa Jumapili yenyewe.

Redempta alikuwa kwangu. Amekuja Mpanda kwa ajili ya macho, na ndugu ni ndugu, hata kama hujamsamehe unampa kitanda. Macho yake yameshaingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu, lakini ulimi uko palepale. Kwa majuma mawili tulikuwa tumeishi kama paka wawili kwenye gunia moja: dada chai, ahsante mdogo wangu, dada maji ya kuoga, ahsante mdogo wangu. Ndipo mjukuu wangu Neema, yule anayesoma ualimu, na ambaye mkisikia watu wanasema wajukuu wa siku hizi hawana akili muwaambie waje kwangu, akaja na kompyuta yake mbio.

"Bibi! Kile kitabu chako cha Sikudhani wamekitengenezea filamu!"

Nikavaa miwani. Nikakaa mbele kabisa. Nilikaa kama hakimu, na moyoni nilishawahukumu.

Nyie, sijui niseme nini. Sikudhani wao ana kucha ndefu kama za mwewe. Amefiwa na mume, lakini nywele hazijafiwa. Shamba la kando ya mto limekuwa ghorofa lenye geti. Nikasema haya, mjini nako kuna wajane, nivumilie. Nikasubiri mtumbwi. Kitabu kile mtumbwi ndio roho yake, yale maji yanayopanda vifundoni. Sikudhani wao akatoka getini, akapunga mkono, akapanda teksi! Hata mvua haikunyesha.

"Amevuka?" Redempta akauliza kutoka kwenye mkeka. "Mbona sisikii maji?"

"Amepanda teksi."

"Teksi kwenye mtumbwi?"

"Hakuna mtumbwi, dada."

Akasonya. Hapo ndipo nilipomsogezea mto, kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa.

Kitwana wao nilimkubali, yule mwigizaji ana macho ya mtu aliyehamisha tuta. Lakini jembe hakuna. Amezuia mkufu wa dhahabu, ameufungia kabatini. Nikamwuliza Neema, sasa msumari utatoka wapi? Neema akasema, "Bibi, tulia, tufike mwisho." Tukafika. Sikudhani anaingia, Kitwana anapiga magoti, Sikudhani naye anapiga magoti, wanalia, wanakumbatiana, mchungaji anatokea sijui ametoka chumba gani, muziki unapigwa, na watu wanacheza kwenye bustani. Wamesameheana. Kwa dakika tatu! Na shamba? Hakuna aliyelitaja shamba. Ghorofa limebaki la Kitwana!

Nikasimama. Nilimwambia Neema awaandikie watu hao, kwenye hiyo simu wanayosomea maoni, aandike kwamba bibi mmoja wa Mpanda anasema hivi: mmemdhulumu Sikudhani mara mbili, Kitwana alichukua shamba na nyie mmechukua jembe. Aandike kwamba laiti ningekuwa na meno yote ningewang'ata mmoja mmoja.

"Lakini Bibi," Neema akasema, "kitabu chenyewe kinaishaje? Nimetafuta, hakipatikani tena."

 Redempta kwenye mkeka hakutikisika. Mimi nilikwenda chumbani, nikafungua kasha, nikatoa bahasha iliyo chini ya cheti changu cha ndoa. Karatasi imekuwa ya njano na imechanika kwenye mikunjo, lakini inasomeka. Nikarudi. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo toka utotoni: mimi wa darasa la nne nisome, na Redempta wa darasa la saba asikilize. Nikavuta kiti mbele yake kabisa.

"Dada, huu hapa ukurasa wako. Niliunyofoa mimi."

Nikasoma. Ukuta, jembe, vumbi, upindo wa nguo, msumari. Nilisoma bila kukwama hata mara moja. Nilipomaliza niliinua uso kutafuta aibu kwenye uso wake, maana nilikuwa naidai.

Redempta alikuwa anafikiri. Akasema, "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo."

"Kitabu kiliharibika mwishoni. Wa kwangu ulikuwa mzuri zaidi."

Neema akaangua kicheko. Mimi sikucheka. "Ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine pale kijijini alikuwa na roho hiyo?"

"Mbona hukusema?"

Alinyoosha mkono, nikamwekea ile karatasi. Akainusa. "Ningesema, wangekukamata, ungeutoa," akasema. "Na ukishatoka, ningelazimika kuusoma."

Nilikaa na maneno hayo, na pumba zinaingia dirishani. Kumbe siku ile nyuma ya ghala nilimwona mwongo akitapatapa, na mama yangu kwenye ungo wake aliona kitu kingine kabisa: aliona binti wa adui akimwambia mbele ya wanawake wote, na dirisha la baba yake liko wazi, nenda kadai, mimi niliona, nitasimama. Redempta asingeweza kuyasema kwa mdomo wake. Alihitaji kitabu cha kuyaficha, na kitabu hakikuwa na nafasi, mpaka mtoto mmoja mwenye kisasi alipomtolea nafasi. Mama angeusikia mwisho wa kweli, angejifunza kuchukua jembe na kuondoka, na kuachia kilicho chake alishakujua. Msidhani najisifu. Ukurasa niliunyofoa kwa ubaya, na aliyelipa ni Redempta, aliyepandishwa boti na furushi huku mimi nacheka. Kofi la mama sasa nalielewa, lilichelewa kufika tu.

Baba Mkubwa sijamsamehe, msiniombe. Wale wa filamu nao sijawasamehe, na Neema ameshawaandikia.

Redempta aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, ni yake sasa. Kisha akasema, "Basi nisomee na wa kwangu."

"Wa kwako haukuandikwa popote."

"Nimeshausahau, mdogo wangu. Ilikuwa mara moja tu, na nilikuwa natetemeka."

Nami ndiyo kwanza nikagundua kwamba nilikuwa nao wote. Kila neno. Nilikuwa nimeuchukia mwisho ule kwa maisha yangu yote, nikiwa napalilia, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni ya komunyo, mpaka umeniingia kama sala. Nikafumba macho, nikaanza pale Sikudhani anapotoka nje na kuita watu. Wakaja, wakakaa. Nataka shamba langu. Nani aliyeona? Watu wote wakatazama chini. Na nilipofika kwa yule binti ambaye kitabu hakikumjua, sikuhitaji kuendelea, kwa sababu kwenye mkeka sauti nzito ilikuwa imeshaanza, polepole, kwamba jiwe la mpaka lilikuwa kule kwenye mkuyu.